Siku Niliyotuzwa Uwanjani Magongo

Mliokuwa nami wiki jana mwakumbuka nilipowaacha: nimesimama katikati ya uwanja wa tenis wa Magongo, raketi mkononi, jasho linanichuruzika mpaka kwenye nyusi, na shangazi yangu Bi Mishi anavuka mstari wa chokaa kuja kwangu hali mchezo haujaisha. Wengi mmeniandikia kuuliza: alikuja kukupiga? Laiti! Kupigwa ningepona kwa siku mbili.

Kwa aliyeingia leo, nimweleze haraka. Mimi ni Johari binti Nassor wa Mtongwe. Baba alikufa ningali ninanyonya, nikalelewa na dada yake, huyo Bi Mishi, muuza mahamri pale kivukoni Likoni. Tenis nilijifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la kopra, mpaka siku moja Gershom, karani wa bandarini, Mtaita mwenye miwani minene, akasimama akanitazama, akasema, "Dada, wewe una mkono."

Nikadhani ananitongoza. Nikamtukana. Kumbe maskini alikuwa anasema juu ya mkono tu.

Gershom akanifundisha miaka mitatu. Ulipofika mwaka wa 1963, miezi michache kabla ya uhuru, klabu ya Magongo ikafungua milango yake kwa watu wote, ikatangaza mashindano ya wanawake. Mshindi atapelekwa Nairobi kuichezea pwani nzima. Kwa treni! Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijafika hata Voi. Nairobi ile niliitaka, jamani, niliitaka hata chakula kikawa hakipiti.

Basi fainali ikawa mimi na Pascalia, binti wa fundi mmoja wa kiwandani Changamwe, watu wa bara, naye akisomea ualimu. Msichana mrefu, mpole, mwenye mkwaju wa mkono wa kushoto uliowaliza watu. Mimi nimevaa suruali nyeupe ndefu, gauni juu yake, na ushungi umebanwa kwa pini sita. Pascalia kavaa sketi. Mwamuzi alikuwa katibu wa klabu, Mzungu mwembamba tuliyempa jina la Bwana Kanuni, kwa kuwa kitabu cha kanuni hakikumtoka kwapani hata akienda kunywa maji. Na Kiswahili chake alikitoa kitabuni pia. Kilikuwa kimenyooka mpaka kinatia baridi.

Shangazi hakuja peke yake. Alikuja na chama chake cha ngoma ya lelemama, Chama cha Mwavuli, wanawake arobaini kutoka Mtongwe na Shika Adabu, leso za sare, kila mmoja na mwavuli mweusi. Walikodi lori la mchanga. Waliposhuka, walinzi wa mlangoni walidhani kuna mkutano wa siasa.

"Enyi akina mama," Bwana Kanuni akaita kutoka juu ya kiti chake cha ngazi, "tafadhalini fungeni miavuli yenu, kwani watazamaji walio nyuma yenu hawaoni."

Shangazi akamjibu kwa adabu zote. "Baba, mwavuli ndilo jina letu. Tukiifunga, sisi tutakuwa nani?"

Gershom alikuwa amekwisha kuwaeleza tangu asubuhi kwamba tenis huchezwa kimya. Hawakuelewa hata kidogo.

"Kimya?" Bi Zubeda, msaidizi wa shangazi, aliuliza. "Kwani pana msiba?"

"Hapana, mama. Ni heshima kwa wachezaji."

"Mtu yuwacheza vizuri, kisha watu wamnyamazie? Hiyo ndiyo heshima? Mwanangu, huko Taita mlilelewa vipi?"

Wakanyamaza seti mbili nzima. Nawasifu, wallahi, maana ya kwanza nilifungwa vibaya na ya pili nikamfunga Pascalia, na hawakutoa hata kikohozi. Lakini nilikuwa nikiwaona kwa pembe ya jicho. Walikuwa wamevimba mashavu.

Seti ya tatu, tukiwa nne kwa nne, Pascalia akanipigia mpira wa juu, mrefu, wa kunimaliza. Nikarudi nyuma mbio, nikaupiga nimeupa wavu mgongo, bila kutazama, kwa kudra tu. Mpira ukapita, ukaangukia juu ya mstari kabisa. Chokaa ikaruka. Pascalia akabaki mdomo wazi.

Hapo Chama cha Mwavuli kikapasuka. Vigelegele! Pembe za ng'ombe zikatolewa chini ya mabuibui, zikaanza kupigwa kwa vijiti. Na shangazi akasimama, akauacha mwavuli wake kitini, akaanza kuja.

Sasa nyinyi wa bara mniwie radhi niwaeleze. Kwetu mtu akiimba akakuingia, au akicheza ngoma ukamkubali, humtuzi kesho. Humtuzi kwa barua. Waenda pale pale, angali anacheza, watu wote wakiona, wamvika leso au wambandika noti kichwani. Ukikaa na mikono kwapani mtu wako anang'ara, umemwaibisha na wewe umejiaibisha. Hilo halina mjadala.

Basi shangazi akanifikia. Akanivika leso mpya mabegani, akatoa noti, akachomoa pini moja ya ushungi wangu, akanibandikia noti pale pale kwenye kipaji cha uso.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "rudi kitini, mchezo haujaisha!"

"Najua haujaisha. Ukiisha nitakutuzia nini?"

Nyuma yake alikuwa Bi Zubeda. Nyuma ya Bi Zubeda alikuwa Mama Karisa. Nyuma ya Mama Karisa ilikuwa foleni ya wanawake thelathini na saba wakija kwa mwendo wa ngoma, hatua moja mbele, mabega kushoto, mabega kulia, juu ya uwanja wa watu.

"Mchezo na usimame!" Bwana Kanuni alipiga kelele. Mchezo ulikuwa umesimama zamani.

Naungama hapa mbele yenu, kwa kuwa hii ni safu ya kuungama. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuinua mkono nikasema jamani, haifai. Sikusema. Nilicheka mpaka jino la mwisho. Na waliposhika wimbo, nami nikazungusha mabega kidogo. Kidogo tu. Sawa, si kidogo.

Iliwachukua robo saa kumaliza. Pascalia alikaa chini akanywa soda. Kisha nikarundika zile leso pembeni, tukaendelea, nikashinda sita kwa nne, noti moja ingali imekwama nyuma ya ushungi ikipepea.

Pascalia akaja kwenye wavu akanipa mkono. "Hongera, Johari. Umeshinda kwa haki." Akatazama nyuma ya kichwa changu. "Lakini hizo pesa, sijui. Sidhani zinaruhusiwa."

Bwana Kanuni alikuwa ameshashuka. Kitabu kimefunguliwa.

"Bibi Johari," akasema, "kwa mujibu wa kanuni ya ishirini na tatu, mchezaji yeyote apokeaye fedha, au kitu chenye thamani, kwa sababu ya kucheza kwake, si mchezaji wa ridhaa tena. Ni mchezaji wa kulipwa. Na mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kushiriki katika mashindano haya, wala yale ya Nairobi."

"Nani amelipwa?" nikauliza.

"Wewe."

"Mimi nimetuzwa! Sikulipwa!"

"Tofauti yake ni nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Gershom naye akafungua wake. Tukatazamana. Jambo ambalo kila mtoto wa Likoni analijua, wallahi, halikuwa na maneno.

Basi ndivyo nilivyopata cheo changu. Watu huniuliza ilikuwaje nikawa mwanamke wa kwanza wa kulipwa katika tenis hapa pwani, wakidhani nilisaini mkataba na matajiri. Nilifanywa wa kulipwa na muuza mahamri, kwa pini ya ushungi.

Pengine Bwana Kanuni aliona macho yangu yamejaa, maana akafunga kitabu. "Sipendi jambo hili," akasema. "Wewe ndiwe mchezaji bora niliyemwona hapa. Nakupa hadi Ijumaa saa nne asubuhi. Rudisha kila kitu kwa mwenyewe, na kila mwenyewe atie saini au dole gumba kwamba amerudishiwa. La sivyo, Bibi Pascalia ndiye atakayekwenda Nairobi."

"Mimi?" Pascalia akashtuka. "Lakini nimefungwa!"

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi shangazi alipotoka na karai lake, mimi na Gershom, aliyeomba ruhusa kazini kwa kusema ana homa, tukabeba kapu la tuzo tukaanza safari ya kurudisha. Gershom na tai yake, mkononi kibweta cha wino wa dole gumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Zubeda, Shika Adabu.

"Shikamoo, Bi Zubeda."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu bingwa wetu!"

"Bi Zubeda, nimekuja... nimekurudishia tuzo yako."

Bi Zubeda akaitazama ile noti ya shilingi tano mkononi mwangu. Uso ukamshuka.

"Ilikuwa ndogo," akasema.

"La, la, haikuwa ndogo!"

"Ilikuwa ndogo, sema tu, usinionee haya. Nilijua mimi. Nilimwambia mume wangu, mtoto wa Mishi kumtuza tano ni fedheha, akasema mimi nina israfu." Akaingia ndani. Akatoka na noti ya kumi na kuku. "Haya. Sasa tumesameheana?"

Ukikataa kuku wa mtu aliyekwisha kumfunga miguu, utasema nini? Gershom akambeba.

Kwa Mama Karisa ilikuwa mbaya zaidi. Alipoona leso yake inarudi, alikaa chini akaanza kulia.

"Nani amekwambia? Niambie nani amekwambia!"

"Amenambia nini, mama?"

"Kwamba leso ile niliikopa kwa dada yangu! Ni uongo! Niliinunua mwenyewe sokoni, na shahidi ni Mungu!" Akaita majirani waje wasikie. Majirani wakaja. Ili kuthibitisha kwamba hana choyo wala hana haja ya kukopa, Mama Karisa akateremsha ukutani sinia lake la maua, la arusi yake, akanitwika.

Kufika alasiri tumepita nyumba saba. Hakuna dole gumba hata moja. Kapu limejaa likawa mawili, sinia kichwani, Gershom kuku huku kuku huku, maana wamekuwa wawili, na tai imegeuka mgongoni.

"Dada," akasema, "tukimaliza nyumba zote arobaini, tutahitaji lile lori."

Nilicheka, kisha nikaona nalia. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Nyumbani shangazi alikuwa amekaa kibarazani, karai tupu miguuni. Habari zilikuwa zimetutangulia.

"Johari!"

"Abee, shangazi."

"Nasikia wapita nyumba za watu ukiwarudishia tuzo zao."

Nikamweleza. Kanuni, Nairobi, Ijumaa, yote. Gershom akajaribu kusaidia, kuku wakawa wanampiga mabawa usoni. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mwanangu, watu waliposema Mishi amemwacha mtoto wa marehemu ndugu yake avae suruali akarukeruke mbele ya wanaume, nani alinisimamia? Walipoacha kununua mahamri yangu mwezi mzima, nani aliyanunua? Ni hawa hawa. Walisema, yule mtoto ni wetu, na atakayemsema atusema sote. Kisha wakapanda lori la mchanga kwenda kulisema hilo mbele ya Wazungu. Zile si pesa, Johari. Wewe unazirudisha, wawaambia nini? Kwamba wewe si wao."

"Shangazi, ni kwa ajili ya Nairobi tu."

"Na mahasimu wetu wa Chama cha Sahani kule Likoni wakisikia? Tutaimbwa! Tutaimbwa mpaka Ramadhani!" Akainuka. "Nairobi nenda, nami nitakupikia mkate wa njiani kwa mikono yangu. Lakini ukirudisha hata pini moja, usinirudie hapa."

Akaingia ndani. Alhamisi yote hakunisemesha ila kuniamkua na kuniambia chai ipo.

Ijumaa saa tatu na nusu nilikuwa ofisini kwa Bwana Kanuni, mikono mitupu. Nimekuja kumwambia ampe Pascalia safari yake. Nimelifanyia mazoezi neno hilo kwenye feri, kwenye basi, daraja zima la Makupa. Gershom alikuwa pale kabla yangu. Alikuwa anatabasamu.

"Kaa, Bibi Johari," Bwana Kanuni akasema, naye uso umemng'aa. "Nimekisoma kitabu chote mara tatu. Kanuni haimkatazi mchezaji kupokea sadaka kwa sababu ya umaskini wake. Sadaka si malipo. Bwana Gershom amenisaidia kuandika."

Akanisogezea karatasi iliyopigwa taipu, kwa Kiswahili safi. Ilisema hivi: *Mimi, Johari binti Nassor, natamka kwamba vitu vyote nilivyopewa na wanawake wa Chama cha Mwavuli vilikuwa sadaka, waliyonipa kwa kunihurumia kwa ajili ya ufukara wangu na wa jamaa zangu, wala havikuhusu kamwe uchezaji wangu.*

Nikaisoma. Nikaisoma tena.

"Gershom," nikasema, "hii inasema shangazi yangu amenilea kwa kuombaomba."

"Haisemi hivyo."

"Inasema wanawake arobaini walicheza ngoma mbele ya Wazungu ili wanipe sadaka. Hata sadaka, mtu hupewa kwa siri!"

"Dada, ni karatasi tu. Itakaa kwenye faili. Nani wa Mtongwe atakuja Magongo kusoma faili?" Akainama. "Treni inaondoka Jumatatu saa kumi na moja jioni. Nimeshakuulizia kiti. Cha dirishani."

Cha dirishani.

Hapa ndipo ninapowaomba muache kucheka kidogo. Watu hudhani aibu yangu kubwa maishani ni zile mechi nilizopoteza, na nitawaeleza zote, zipo nyingi. Hapana. Ni hii. Nilichukua kalamu, nikatia saini. Hata nilipamba herufi ya mwisho.

Bwana Kanuni akaupuliza wino ukakauka. Akanipa karatasi ya pili iliyofanana nayo, nikatia saini. Na ya tatu.

"Za nini nyingi hivi?" nikauliza.

"Moja ya faili. Moja ya ubao wa klabu. Na moja itabandikwa hadharani kwa siku tatu karibu na makao ya mchezaji, ili mwenye pingamizi alete. Ndiyo kanuni." Akamwita tarishi, mtu mzima mmoja jina lake Wafula, mwenye pikipiki. "Wafula, peleka hii Likoni. Ubandike kwenye ubao wa matangazo pale kivukoni."

Pale kivukoni! Ubao ule na karai la shangazi, kati yao pana hatua tatu. Mafuta yakiruka yanaufikia.

Nilitoka mbio, Gershom nyuma yangu, raketi nimeisahau. Pikipiki ya Wafula ilikuwa imeshaacha moshi tu. Basi la Changamwe lilisimama kila penye mtu na hata pasipo mtu. Dereva alishuka kununua ndizi, wallahi, akabishana bei. Tulipofika kwenye feri, feri ilikuwa katikati ya maji, inaondoka, na juu yake nikamwona Wafula amekaa juu ya pikipiki yake, karatasi imekunjwa mfukoni. Nikampungia mikono yote miwili. Naye, mtu mwenye adabu zake, akanipungia.

Tulipovuka, sala ya Ijumaa ilikuwa inakaribia. Kivukoni pamejaa watu. Mbele ya ubao palikuwa na miavuli.

Nikahesabu miavuli kumi na minne, kisha nikaacha kuhesabu. Shangazi alikuwa katikati, na karatasi alikuwa ameshaibandua. Ameishika kwa ncha za vidole, mafuta yasiiguse. Nikajua kwamba nimekwisha.

Kisha nikaona anatabasamu.

"Huyo! Huyo amekuja! Johari!"

"Abee, shangazi."

"Yule tarishi amesema karatasi hii ni habari za Johari wa tenis na Chama cha Mwavuli. Yenye muhuri! Jina letu ubaoni, waona?"

Shangazi alikuwa msomaji, msije mkamdharau. Msahafu aliukhitimisha mara ngapi, na barua za herufi za Kiarabu aliwasomea nusu ya Mtongwe. Lakini herufi za Kizungu hakuzijua hata moja. Na wenziwe wa Mwavuli walikuwa vivyo hivyo.

"Tangu saa ile natafuta mtu anisomee," akaendelea. "Karani wa tiketi ameishika, ameitazama, kisha ati macho yamuuma. Yule kijana wa ofisi ya posta naye akasema ameacha miwani nyumbani. Siku zote hana miwani! Watu gani hawa? Hebu nisomee wewe, mwanangu. Soma kwa sauti, wote wasikie."

Nikamtazama karani wa tiketi kule dirishani. Akafunga dirisha.

Kumbe kila aliyejua kuisoma alikuwa ameshaisoma, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Sasa wamesimama pembeni, wanatazama chini, wananingoja mimi.

Gershom akanivuta mkono. "Mwambie tu ukweli, dada," akanong'ona. "Mwambie sasa hivi."

Nikaishika karatasi. Nikaona uso wa shangazi, na nyuso zile nyingine, Bi Zubeda, Mama Karisa, zote zimeniinukia.

Nikaanza kusoma.

"*Klabu ya tenis ya Magongo,*" nikasoma, "*inawashukuru sana kinamama watukufu wa Chama cha Mwavuli kwa... kwa tuzo zao njema, na kwa kuupamba uwanja wetu. Bila wao, Johari binti Nassor hangeshinda. Naye ni wao.*"

Hata neno moja katika hayo halikuwamo.

Vigelegele vikapigwa hata abiria wa feri wakageuka. Shangazi akafunika uso kwa leso. Sikuwahi kumwona shangazi akilia, hata alipotaja kifo cha baba hakulia mbele yangu, na sasa analia kivukoni kwa ajili ya karatasi.

"Soma tena," akasema. "Soma tena pale penye jina letu."

Sikukumbuka nilisemaje! Nikasoma tena, safari hii nikaweka "waheshimiwa" mahali pa "watukufu", na Gavana nikamtia ndani. Bi Zubeda akakunja uso kidogo. "Gavana hakuwako mara ya kwanza."

"Nilimruka, Bi Zubeda. Herufi zake ndogo."

Gershom alikuwa ameziba macho.

Ningeokoka, wallahi ningeokoka, nilikuwa nimeshaanza kuikunja ile karatasi niitie mfukoni. Lakini feri nyingine ilikuwa imetia nanga, watu wanashuka, na katikati yao akatokea Pascalia, mrefu kuliko wote, amebeba viatu vyake vyeupe vya tenis ndani ya mfuko.

"Johari!" akaita. "Nimesikia umeruhusiwa! Nimekuletea viatu vyangu, ukavae Nairobi. Vyako vimetoboka."

"Huyu ndiye mwalimu!" shangazi akasema kwa furaha, akanipokonya karatasi kabla sijasema kitu. "Njoo mwanangu, njoo. Wewe una sauti ya darasani. Hebu wasomee hawa walioshuka sasa hivi, nao wasikie."

"Pascalia," nikasema, "usijisumbue, umechoka—"

"Aa, si kitu," akasema Pascalia.

Akaweka viatu chini. Akaikunjua karatasi, akainyoosha kwa kiganja kama wanavyofundishwa. Watu wakasogea. Hakuwa na haja ya kuipitia kwanza kimyakimya. Alisoma moja kwa moja, polepole, kila neno limetoka safi.

"*Mimi,*" akasoma, "*Johari binti Nassor, natamka kwamba—*"

Shangazi akainua mkono kumsimamisha. Akanigeukia mimi, machozi hayajamkauka bado.

"Mbona kwako haikuanza hivyo?"